Jembe Likiwa Juu

Kisanduku kipo kwenye hatua ya saba. Kinaambiwa kuanzia sasa hatua ni nne tu. Kifanye nini?

Swali lenyewe ni hilo. Nimeliandika kwa ufupi ili lisionekane la ajabu, lakini ndilo lililoninyima usingizi kwa wiki tatu katika chumba changu nyuma ya duka la baba mdogo, Nyakanazi, huku malori yakishusha gia yakikaribia njia panda. Nilikuwa nikilala chali nikihesabu. Saba, halafu nne. Kirudi moja mara moja? Kimalize hadi nane ndipo kianze upya na nne? Au kiruke hadi ya nne, hatua iliyo karibu na ukweli? Kila jibu nililolipenda usiku, asubuhi nililionea aibu.

Nieleze kwanza kisanduku chenyewe. Kuna vinanda vya umeme ambavyo haviji vikiwa kitu kimoja. Unavijenga kwa vipande, kila kipande na kazi yake, na unaviunganisha kwa nyaya fupi za rangi. Kinachopita ndani ya nyaya hizo ni volti. Volti ikipanda, sauti inakuwa nyembamba. Ikishuka, inakuwa nene. Kipande changu kazi yake ni kuhesabu. Kinapita hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, hadi ya nane, na katika kila hatua kinatoa volti uliyoipanga, kisha kinarudi mwanzo. Ndiyo maana wimbo unajirudia. Ila hiki cha kwangu kina tundu moja la ziada pembeni. Volti inayoingia hapo ndiyo inayoamua mzunguko uwe na hatua ngapi. Volti kidogo, hatua nne. Volti nyingi, nane.

Aliyekiagiza ni mwanamuziki wa Dar es Salaam. Nilikutana naye mwaka wangu wa mwisho chuoni, nilipomtengenezea spika iliyoungua saa moja kabla ya onyesho. Tangu siku hiyo akaniita mdogo wangu, nami nikamwita dada, ingawa hatutoki sehemu moja wala hatufanani kwa lolote. Yeye huamua jambo akiwa amesimama.

Na kosa lilianzia kwangu. Siku moja, tukila chipsi nje ya ukumbi, nilimsimulia jinsi watu wetu wanavyolima huko Nyamigogo. Sisi ni Wasukuma, babu alihama kutoka Shinyanga na ng'ombe wake, na kikundi cha shangazi yangu bado kinalima kwa ngoma. Wanasimama mstari mmoja, majembe yanapanda na kushuka pamoja, pigo kadhaa, kisha wote wananyoosha mgongo kwa mara moja, wanazungusha mpini mkononi, wanaanza tena. Mpiga ngoma anatembea mbele yao kinyumenyume akiitazama ardhi. Akiona udongo laini, ngoma inakuwa nzito na mstari unapiga majembe manane kabla ya kunyoosha mgongo. Akiona mizizi, ngoma inakuwa nyepesi na wanapiga manne.

"Na wakisikia ngoma imebadilika, wanafanyaje?" dada aliniuliza.

"Wanatii papo hapo," nikajibu.

Nilijibu kwa uhakika kabisa. Sijui uhakika ule niliutoa wapi.

Basi yeye akataka kinanda chake kilime. Angekuwa na mpiga ngoma jukwaani, kipaza sauti kidogo kikiwa kimebandikwa kwenye ngoma, na uzito wa ngoma ungegeuzwa kuwa volti na kuingia katika tundu langu la pembeni. Ngoma nzito, mzunguko mrefu. Ngoma nyepesi, mzunguko mfupi. Mtu na mashine wangelima shamba moja. Nilikubali kabla hajamaliza sentensi, jambo ambalo mimi huwa silifanyi.

Nilirudi nyumbani na shahada yangu, nikamwomba baba mdogo kona ya meza yake. Yeye hutengeneza redio, simu na chaji za madereva. Kona ilikuwa upande wa ukutani, chini ya kalenda iliyopitwa na miaka miwili.

Toleo la kwanza lilitii papo hapo, kama nilivyoahidi. Nikaunganisha kipaza sauti, nikagonga meza kwa vidole. Kisanduku kikajikwaa. Hakuna neno lingine. Volti itokayo kwenye ngoma haitulii: inapanda fimbo inapogusa, inashuka fimbo inapoondoka. Kisanduku changu, mtiifu kama mtoto aliyechapwa, kiliruka saba, moja, mbili, tano, moja, moja. Baba mdogo aliinua kichwa kutoka kwenye redio ya mtu.

"Mhandisi, hicho kitu kina degedege."

"Kinasikiliza, baba mdogo."

"Kinamsikiliza nani? Maana hata mbuzi husikiliza halafu akachagua."

Nikatengeneza toleo la pili. Hili lilimaliza kwanza mzunguko wake wote, ndipo likaangalia volti. Halikujikwaa tena. Nikamrekodia dada na kumtumia. Alijibu kwa sauti, nyuma yake honi za jiji: "Mdogo wangu, kimekuwa kiziwi. Mpiga ngoma wangu anapandisha moto, chenyewe kinaendelea na mambo yake. Atadhani kimeharibika. Ataacha kukipigia."

Toleo la tatu lilikuwa katikati ya hayo mawili. La nne katikati ya la tatu na la pili. Nilifika la kumi na moja. Kila toleo lilikuwa na jina lake katika kompyuta yangu, na majina yalianza kwa heshima, yakaishia "jaribu_hili" na "hili_kweli". Mara mbili nilimwambia dada kwamba kisanduku kitapanda basi la Alhamisi, na mara mbili Alhamisi ikafika nikasema kuna jambo dogo bado.

Mara ya pili hakukasirika. Afadhali angekasirika. Alisema taratibu kwamba onyesho ni Jumamosi ya wiki inayofuata, kwamba ameshampa mpiga ngoma nauli, na kwamba kisipokuwa ndani ya basi la Alhamisi ijayo atapiga bila hicho na maisha yataendelea. "Sitaki ujisikie vibaya," akasema. "Nataka tu kujua nipange nini." Na mara kikishafika kwake hapatakuwa na kurekebisha. Yeye hana kifaa cha kuingiza programu, wala mimi sina namna ya kukifikia kikiwa Dar. Kitakachosafiri ndicho kitakachopigwa mbele ya watu.

Hapo ndipo nilipopata wazo la swichi. Swichi ndogo ya ncha tatu mbele ya kisanduku: tii sasa, tii mwishoni, tii katikati. Achague mwenyewe! Nilifurahi siku nzima. Nikamwomba baba mdogo atoboe tundu la swichi kwenye bati la mbele, naye akatoboa, safi kabisa, akapulizia vumbi. Nikampigia dada.

"Mdogo wangu," akasema, "jukwaani nina mikono miwili, na yote ina kazi. Wewe ndiye uliyesema unajua watu wenu wanavyofanya. Nifanyie hivyo hivyo."

Hivyo hivyo.

Jumatatu ya wiki ya onyesho shangazi alituma ujumbe kwamba kikundi kinalima shamba lake Jumanne, mvua za kwanza zimeshalainisha, na kwamba msomi naye ana mikono. Sikwenda kwa ajili ya utafiti. Ningependa kusema hivyo, lingekuwa jambo la heshima. Nilikwenda kwa sababu shambani kwa shangazi simu haishiki vizuri.

Nilifika kwa bodaboda, bado mapema. Nikamwamkia shangazi shikamoo. Akanitazama toka viatu hadi kichwani, akanijibu kwa salamu ya asubuhi ya Kisukuma, "Mwangaluka," kama mtu anayemrudishia mgeni chenji, kisha akanikabidhi jembe. Shangazi ndiye kiongozi wa wimbo. Ana sauti kavu isiyo na mapambo, na akiongea na mimi huchanganya Kiswahili na Kisukuma hadi sijui ninajibu kipi. Alinipanga kushoto kwake. Nadhani alitaka kunichunga.

Mpiga ngoma alikuwa mwanamume wa makamo aliyevaa jezi ya mpira iliyopauka. "Huyu ndiye wa chuo?" akauliza. "Amesomea nini?"

"Umeme," shangazi akajibu.

"Basi asiniguse."

Watu wakacheka, ngoma ikaanza.

Sikuwa nimeshika jembe katika mstari tangu kidato cha pili, na hata wakati ule nilikuwa nikiwekwa mwisho, na mara nyingi zaidi nilikuwa mbeba maji. Niligundua hilo nikiwa tayari nimeinama. Yote niliyomsimulia dada kwa uhakika nilikuwa nimeyaona nikiwa pembeni, na ndoo kichwani. Kutoka kule mstari unaonekana kama kitu kimoja. Ngoma inabadilika, mstari unabadilika. Huoni kinachopita kati ya hayo mawili.

Kwa muda nilijitahidi. Tulikuwa kwenye manane. Nilihesabu kwa midomo, moja, mbili, tatu, na wale wengine hawakuhesabu, waliimba tu. Mgongo ulianza kunung'unika. Tulipokaribia kichuguu kilichosawazishwa mwaka jana, mpiga ngoma alitazama chini, na ngoma ikawa nyepesi. Nilikuwa nimepiga jembe la sita na la saba lilikuwa linapanda. Nikasikia. Nilisikia vizuri sana, nilikuwa nikilisikia jambo hilo kwa wiki tatu. Nikatii papo hapo. Nikakatisha jembe hewani, nikanyoosha mgongo, nikazungusha mpini kama inavyotakiwa.

Jembe la shangazi lilikuwa linashuka. Katikati ya mzunguko bapa la jembe langu likaligonga lake, chuma kikalia, nalo likachomoka mpinini likatua mbele ya kidole chake gumba cha mguu. Si mbali. Ningeweza kupima kwa sanduku la kiberiti.

Mstari ukasimama, ngoma ikasimama. Kisha wote wakasema kwa pamoja.

"Umeme huo!" mpiga ngoma akapiga kelele. "Nilisema asiniguse!"

"Anataka kumpunguza shangazi yake vidole," mwanamke mmoja wa mwisho akadakia. "Wanafundishwa hivyo huko?"

Nikaomba radhi kwa Kiswahili, kisha kwa Kisukuma kibovu. Shangazi aliokota jembe lake, akaligeuza, akalichomeka tena mpinini na kugonga kitako cha mpini kwenye jiwe. Aligonga mara nyingi kuliko ilivyohitajika.

"Umesimama kwa nini?" akaniuliza.

"Ngoma ilibadilika, shangazi. Ilikuwa nyepesi."

"Ndiyo. Nimeisikia."

"Sasa si ndiyo tunapunguza?"

"Tunapunguza tukishamaliza hizi. Jembe lilikuwa wapi?"

"Juu."

"Jembe likiwa juu unalirudisha wapi? Mbinguni? Unalishusha, unamaliza manane yako, unanyoosha mgongo na wenzako. Ukiinama tena ndiyo unapiga manne. Amekuambia ujiandae. Hajakuambia usimame."

Nilitakiwa kunyamaza hapo. Watu thelathini walikuwa wakinisubiri kwenye jua. Lakini kichwa changu hakijui kunyamaza.

"Na akiongeza? Tukiwa kwenye manne halafu ngoma ikawa nzito tukiwa kwenye la tatu, tunasubiri pia?"

Shangazi alinitazama kama nimemuuliza maji yanaelekea wapi.

"Unasubiri nini? Unaendelea. Ukifika la nne unapiga la tano. Nani atakukatia njia? Udongo uko mbele yako."

Nikasimama pale na jembe langu. Kupunguza kunasubiri, kuongeza hakusubiri. Katika matoleo kumi na moja sikuwahi kufikiri kwamba hayo ni maswali mawili. Niliyafanya kuwa swali moja lenye jibu moja, na nikawa nasogeza jibu hilo mbele na nyuma kama mtu anayetafuta mahali pa kuweka kabati.

"Na je, shangazi, akikosea? Akipiga pigo moja zito bahati mbaya?"

"Mimi nikosee?" mpiga ngoma akauliza.

"Tuseme ameumwa na siafu."

"Basi tunalima majembe manne ya bure," shangazi akasema, "na yeye tunamcheka hadi jioni. Inama."

Nikainama. Nililima hadi saa nne na nusu, walipopumzika kula viazi na uji, na sikumgonga mtu mwingine. Mara mbili ngoma ilipungua jembe langu likiwa juu, na mara zote mbili nilihisi mkono ukitaka kukatisha, nikaulazimisha ushuke. Haikuwa rahisi. Mtu akiwa na hofu ya kukosea, kumaliza alichokianza baada ya kusikia amri mpya humwonekea kama utovu wa adabu. Shangazi aliniangalia kwa pembe ya jicho kila ilipotokea. Kwenye viazi alinipa kikubwa, halafu akasema kwa sauti, ili wote wasikie, kwamba ni kwa ajili ya vidole vyake alivyobaki navyo.

Nilirudi Nyakanazi mchana huohuo, viganja vimetoka malengelenge, nikakaa kwenye kona yangu. Programu yenyewe haikuchukua hata saa moja. Kila hatua inapoanza, kisanduku kinasoma volti. Ikiomba hatua nyingi zaidi ya zilizopo, kinaongeza hapohapo, kwa sababu bado hakijafika mwisho na hakuna kitakachovunjika. Ikiomba chache, kinaliweka ombi pembeni, kinamaliza mzunguko wake, na kinapoanza tena kwenye ya kwanza ndipo kinapunguza. Mistari michache tu. Niliisoma mara nyingi nikitafuta mahali ilipojificha hila.

"Baba mdogo, niazime dakika mbili. Piga hili dumu."

Alikuwa na mteja, dereva wa lori aliyekuwa akisubiri chaji yake. Baba mdogo alilipokea dumu la maji, akaliweka kati ya magoti, nami nikabandika kipaza sauti kwa utepe wa gundi. Alianza kwa aibu, pole pole. Kisanduku kikahesabu nne, nne. Akakaza mkono. Katikati ya mzunguko kikafunguka, tano, sita, saba, nane, bila kujikwaa, kama mtu aliyeona njia ni nyeupe. Baba mdogo akatabasamu bila kunitazama. Akakaza zaidi, kisha ghafla akalegeza. Kisanduku kikamaliza nane zake, kikatua, kikaanza na nne.

"Kimenisubiri," akasema.

"Kimesubiri kumaliza."

"Hapana, kimenisubiri mimi. Rudia."

Akarudia mara nne. Dereva naye akaomba, akapiga kama anafukuza nyani, na kisanduku kikaenda kwenye nane na kubaki huko. Kisha akapiga pigo moja zito peke yake, akaacha. Kikakimbia hatua zote nane kwa ajili ya pigo hilo moja.

"Hapo kimedanganyika," dereva akasema.

Nikahisi toleo la kumi na tatu likibisha hodi. Ningeweza kukifanya kipuuze pigo la peke yake. Kisikilize mapigo mawili, au matatu, kipime wastani. Lakini kikisubiri mapigo matatu kinarudi kuwa kiziwi. Na wastani wa nini, wa muda gani? Nilishika penseli. Nilikwisha andika "iwapo" juu ya karatasi.

Nikakumbuka siafu.

Nikaiweka penseli chini. Tutalima majembe manne ya bure, na mpiga ngoma atachekwa hadi jioni. Basi.

Jumatano yote niliitumia kufanya kazi ndogo ambazo hazikuhitajika, kama kuzifunga upya nyaya ambazo tayari nilikuwa nimezifunga. Jumatano alasiri dada alituma ujumbe wa neno moja, "Kesho?", na niliutazama kwa muda mrefu kuliko neno moja linavyostahili. Kilichokuwa kimebaki ni bati la mbele na tundu lake la swichi. Swichi ilikuwa mezani, nzuri, bado ndani ya mfuko wa plastiki. Ningeweza bado kuiunganisha. Programu za zamani zilikuwepo zote. Dada angekuwa na uhuru, na mimi ningekuwa na mahali pa kujificha: kikijikwaa, ningesema labda uliiweka vibaya.

Alhamisi asubuhi baba mdogo alinikuta nimesimama mbele ya meza, bati mkono mmoja, swichi mkono mwingine.

"Lile tundu nilitoboa bure?" akauliza.

"Samahani, baba mdogo."

"Nimekuuliza tu."

Nikairudisha swichi kwenye droo yake ya vipuri. Nikatafuta skrubu fupi yenye kichwa kipana na nati yake, nikaiingiza kwenye tundu na kuikaza hadi ikalala sawa na bati. Haina kazi yoyote. Nikafunga kisanduku, skrubu nne za pembeni, nikakiviringisha kwa kipande cha godoro, nikakitia kwenye boksi la sabuni na kulizungushia utepe wa gundi hadi baba mdogo akaninyang'anya.

Basi lilisimama njia panda muda mfupi tu, wauza mahindi wakakimbilia madirishani. Utingo alilipokea boksi, akalitikisa karibu na sikio lake kabla sijamzuia.

"Humu kuna nini?"

"Chombo cha muziki."

"Mbona hakilii?"

"Hakijaambiwa."

Akaandika namba ya simu ya dada ubavuni mwa boksi kwa kalamu nene, akaliingiza chini ya kiti cha mbele, akagonga bodi ya basi mara mbili kwa kiganja. Basi likaondoka. Nilimpigia dada nikiwa bado barabarani.

"Kimepanda," nikamwambia.

"Kinafanyaje sasa?"

"Ukikiongezea kinaongeza hapohapo. Ukikipunguzia kinamaliza kwanza. Na mpiga ngoma wako akipiga pigo zito kwa bahati mbaya, kitamfuata hadi nane. Hilo nimeliacha makusudi."

"Ndivyo mnavyofanya nyinyi?"

"Ndivyo tunavyolima," nikasema, na safari hii nilikuwa na malengelenge ya kuonyesha.

Nikarudi dukani, nikafungua kompyuta, nikafuta matoleo yale kumi na moja.